Mbwa Wako Anajifunza Hata Usipomfundisha
Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mbwa: kama wana akili kweli, kama kuna faida kuwafundisha, na kwa nini wengine hawasikii. Tumechagua zile zinazogusa wengi.

Jirani yangu ana mbwa wa kizungu, German Shepherd. Ananiambia wangu ni koko tu, hana akili, nisipoteze muda kumfundisha. Ni kweli?
*Msomaji, Chikongola, Mtwara*

Si kweli, na unaweza kumwonyesha leo jioni. Tafuta vifuu viwili vya nazi. Paka mafuta ya samaki ndani ya vyote viwili, ili harufu isimtajie mbwa jibu. Mtu mmoja amshike mbwa mita mbili hivi mbele yako. Mpe mbwa mgongo, ficha kipande cha samaki chini ya kifuu kimoja, kisha weka kimoja kulia kwako na kingine kushoto, viachane mita moja na nusu. Simama katikati. Mwite jina, akikutazama, nyoosha kidole kuelekea kifuu chenye samaki, na usisogee. Hapo aachiwe. Rudia mara kumi ukibadilisha upande bila mpangilio. Akipatia mara nane au tisa, si rahisi awe amebahatisha. Wengi huharibu jaribio hili kwa kuweka samaki upande uleule mara tatu nne mfululizo. Mbwa huacha kutazama kidole, akafuata mazoea.

Kufuata kidole tunakuona ni jambo dogo kwa sababu watoto wetu hulifanya kabla hawajajua kusema. Lakini sokwe, aliye karibu nasi kuliko mnyama yeyote, hushindwa mara nyingi. Watoto wa mbwa wenye umri wa wiki chache hufaulu. Hata mbwa wa mitaani huko India, wasio na mwenyewe, walipopimwa walifuata kidole cha mtu wasiyemjua. Kumsoma binadamu mbwa amezaliwa nako, na hilo halichagui koko wala mbwa wa bei.

Huenda jirani yako anategemea ile orodha ya “mbwa wenye akili zaidi” inayosambaa. Ilitoka kwa Stanley Coren, mwanasaikolojia wa Kanada, mwaka 1994. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utii. Wa kwanza akawa Border Collie, wa pili Poodle, wa tatu German Shepherd. Wa mwisho kabisa Afghan Hound, na aliyemtangulia mwisho huo ni Basenji, mbwa wa Kongo. Basi huyo Basenji kwao hufungwa kengele shingoni akaingia msituni kuwafukuzia wawindaji wanyama hadi kwenye nyavu. Mnyama wa kazi hiyo hawezi kuitwa mjinga. Asichokuwa nacho ni hamu ya kurudia amri ileile mara thelathini bila kuona sababu. Orodha ilipima utii, watu wakasoma akili.

Mbwa wetu wa kienyeji, kwa tabia, yuko upande wa Basenji. Anapima kwanza kama jambo lina malipo. Mlipe vizuri, mlipe upesi, na masomo yawe mafupi. Jirani yako naye ajue kwamba aina peke yake haimfundishi mbwa. Chaser, Border Collie wa South Carolina nchini Marekani, alijua majina ya vitu 1,022, lakini mwalimu wake, profesa mstaafu John Pilley, alikaa naye saa nne hadi tano kwa siku kwa miaka mitatu.

Mimi nina ekari kumi za korosho. Nataka mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe pori. Kumfundisha kutoa mkono kama mbwa wa sarakasi kutanisaidia nini?
*Mkulima, Tandahimba*

Kutakusaidia siku ya kwanza atakapoingiwa na funza. Funza hupenda kujificha kati ya vidole na pembeni ya kucha, kupe vilevile, na mbwa asiyezoea kushikwa unyayo atakung'ata ukimgusa palipo na maumivu. Mbwa anayetoa mkono kwa hiari unamkagua asubuhi kwa dakika mbili, akaendelea na lindo. Anayechechemea hawezi kumfukuza nguruwe.

Fanya hivi. Chemsha maini, yakaushe, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Mbwa akiwa amekaa, ficha kipande kwenye ngumi, ishushe mbele ya miguu yake, chini ya kifua. Atanusa. Atalamba. Atasukuma kwa pua. Nyamaza, usivute mkono, usimshike mguu. Baada ya muda atachoka na pua, ataujaribu unyayo. Unyayo unapogusa ngumi, papo hapo sema “Ndiyo!” na ufungue. Mara nane au kumi zinatosha kwa siku ya kwanza.

Siku ya pili ngumi iwe tupu, malipo yatoke mkono mwingine uliokuwa nyuma ya mgongo. Usiporuka mapema kwenda kwenye ngumi tupu utapata mbwa anayetoa mkono akiona chakula tu. Siku ya tatu fungua kiganja. Neno “Mkono” huanza hapo, wala si kabla: litamke nusu sekunde kabla ya kunyoosha kiganja. Ukilisema tangu mwanzo, wakati mbwa hajajua anachotakiwa kufanya, kwake litakuwa kelele kama kelele nyingine za nyumbani.

Ukifika hapo ongeza muda: shika unyayo sekunde moja, lipa, mbili, lipa, tano, lipa. Kisha panua vidole, bonyeza kucha. Akiuvuta mguu, umeenda haraka. Rudi hatua moja. Akikwaruza kwa nguvu, ujue uliwahi kulipa pigo zito, kwa hiyo lipa mguso mwepesi tu. Na akikuletea mkono kila unapokula, usimlipe mkono ambao hukuuomba.

Kuna faida nyingine isiyoonekana upesi. Mbwa aliyejifunza jambo moja kwa njia hii hujifunza la pili upesi zaidi, kwa kuwa sasa anajua mchezo wenyewe: jaribu kitu, sikiliza neno, pata malipo. Hapo “Acha” na “Njoo” zinaingia kwa urahisi, na hizo ndizo utakazozihitaji akimkimbiza ngedere hadi shambani kwa watu. “Acha” itakufaa pia kwenye marundo ya korosho ghafi, maana mafuta ya ganda lake huunguza mdomo. Siku za kupuliza salfa mwache nyumbani.

Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi wa shamba na ua. Kila maelekezo ya mafunzo yanasema mlishe kwa mkono, mguse, mkumbatie. Sisi tufanyeje?
*Baba wa familia, Lindi mjini*

Waalaykum salaam. Ya hukumu mwulize sheikh wako. Sisi tutajibu upande wa mafunzo. Tutakumbusha tu kwamba aya ya 4 ya Suratul Maida inataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa na mtu, kwa hiyo mbwa mwenye mafunzo si mgeni katika dini. Na kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, mafunzo yapangwe mate yasikufikie. Inawezekana kabisa, na kwa mbwa wa ulinzi njia hii ni bora kuliko ya kumkumbatia.

Zana ni tatu. Kijiti cha urefu wa mkono kilichofungwa kitambaa chekundu nchani, gunia kuukuu la korosho, na kopo la malipo lenye kijiko cha mti. Mbwa usimlishe kwenye kiganja. Malipo yatupe chini kwa kijiko.

Anza na kijiti. Sogeza kitambaa karibu na pua yake, sentimita tano hivi. Akikinusa tu, sema “Ndiyo!” na utupe kipande. Akishazoea kukigusa kwa pua, unaweza kumwongoza popote: kushoto, kulia, kuzunguka, kuingia bandani, bila kumshika. Kijiti kiwe na mahali pake nje, watoto wasikichezee.

Sasa gunia. Litandike mita moja kutoka kwa mbwa, mwongoze kwa kijiti. Mguu mmoja ukikanyaga, lipa, na malipo yaangukie juu ya gunia lenyewe. Hili ndilo jambo watu hukosea: hutupa malipo pembeni, mbwa akajifunza kwamba uhondo uko nje ya gunia. Kisha subiri miguu minne. Kisha subiri akae, halafu alale. Neno “Guniani” lije baadaye, kama tulivyomweleza mkulima wa Tandahimba. Muda uongeze taratibu: sekunde tatu, tano, mbili, nane, nne, kumi. Tumeziweka hivyo makusudi, kupanda na kushuka. Ukipandisha tu kila mara, somo huzidi kuwa gumu bila pumziko, mbwa ataondoka. Wiki tatu za dakika tano asubuhi na jioni zikipita, mbwa wengi wanaweza kubaki guniani wageni wakiingia, wakapita na kanzu zao bila kurukiwa. Baada ya hapo gunia lisogeze kidogo kidogo hadi pale unapotaka awe, mbali na jiko, mbali na mtungi wa maji na njia ya kwenda kusali. Bakuli lake la chakula na chombo chake cha maji viwe vyake peke yake.

Mbwa wangu nikiwa nyumbani anakuja nikimwita. Tukiwa nje hanisikii kabisa. Je, ni kiburi?
*Msomaji, Masasi*

Fikiria ni lini humwita. Kama ni wakati wa kufungwa mnyororo, wakati wa kuogeshwa dawa ya kupe au wakati wa kufokewa, basi “Njoo” umeifanya kengele ya hatari. Anaisikia vizuri sana, na ndiyo sababu haji.

Neno hilo liache kabisa. Chagua jipya, hata mluzi, na kwa wiki ya kwanza lipige ukiwa hatua mbili tu kutoka kwake, malipo yakiwa tayari mkononi, mara kumi kwa siku, bila kumtaka afanye chochote. Mluzi, malipo. Wiki ya pili mfunge kamba nyepesi ya mita kumi, isiyo na fundo katikati la kunasa kwenye visiki. Mwache atangulie, piga mluzi mara moja tu. Akigeuza kichwa, rudi nyuma ukikimbia, maana mbwa hupenda kufuata kinachoondoka. Akifika, mpe vipande vitatu kimoja kimoja. Kisha mwachie aende tena. Kumwachia ndiko malipo makubwa kuliko nyama, kwa sababu anajifunza kwamba kuja kwako hakumalizi starehe. Kamba ni ya kumzuia asifike barabarani, si ya kumburuta. Usiitoe hadi amekuja mara ishirini mfululizo huku kuku, mbuzi na watoto wakipita.

Akikosa nampiga fimbo, naye anajua kosa lake, maana nikiingia tu anainamisha kichwa na kufyata mkia. Vijana wangu wananilaumu.
*Mzee, Liwale*

Shikamoo mzee wetu. Kwa heshima yote, vijana wana hoja. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hili. Wenye mbwa walitoka nje, wengine wakaambiwa mbwa wao amekula chakula alichokatazwa, iwe kweli au si kweli. Sura ya “hatia” ilijitokeza pale mbwa alipofokewa, awe amekula au hajala. Mbwa wako anasoma uso wako, mabega yako na fimbo yako. Kosa la saa mbili zilizopita hana njia ya kuliunganisha na pigo la sasa, kwani anachounganisha ni kilichotokea sekunde moja au mbili kabla. Ukimpiga mlangoni, somo alilopata ni kwamba wewe kuingia ni hatari. Na mbwa anayemwogopa mwenyewe huenda akajificha badala ya kulinda.

Ukimkuta katikati ya kosa, sema “Acha” kwa sauti ya kawaida, mpe kazi nyingine anayoijua, mlipe kwa hiyo. Kuku, mikeka na viatu viwekwe asipofika hadi afundishike.

Nimeona watu wanatumia kidude cha kubofya. Kinapatikana wapi, na kinafanya nini?
*Mwanafunzi, Newala*

Hicho, klika, si lazima kununua. Kalamu ya kubonyeza inatosha, au mlio mkavu wa ulimi kwenye kaakaa, au hilo neno “Ndiyo!” tunalolirudia. Kazi yake ni kupiga alama: hapo hapo, ulichofanya ndicho. Mlio unafika kabla ya mkono wako kufika kwenye kopo. Sharti ni moja, kila mlio ufuatwe na malipo, hata ukibonyeza kwa bahati mbaya.

Mfano mzuri wa kazi hii uko Morogoro. Shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kwa mlio na chakula hivyo hivyo, wakanusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa Morogoro walifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa kumaliza mabomu ya ardhini yaliyojulikana mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza mwaka 2020. Panya! Mwenye mbwa asikate tamaa.

Nimpe malipo gani, na kiasi gani, asinenepe?
*Mama wa nyumbani, Mikindani*

Dagaa, mama, lakini wasiwe wa chumvi. Waliokaushwa kwa chumvi waloweke, mwaga maji mara mbili, kisha waanike tena. Dagaa mmoja mkate vipande vitatu. Somo moja liwe la dakika tatu hadi tano, vipande kumi hadi kumi na tano, mara mbili kwa siku, na kiasi hicho ukipunguze kwenye chakula chake cha jioni. Acha akiwa bado anataka. Akianza kupiga miayo, kujikuna au kunusa ardhi, amechoka au amechanganyikiwa. Mwombe jambo moja rahisi, lipa, maliza. Usimpe vitunguu, zabibu, chokoleti wala mifupa iliyopikwa, maana huchongoka ikivunjika.

Saa ni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, hupoa kwa kuhema, na joto la Mikindani lenye unyevu halimsaidii. Bandika kiganja chako mchangani: usipovumilia sekunde tano, hata nyayo zake hazivumilii.

Mbwa wangu ana miaka tisa. Samaki mkunje angali mbichi, au sivyo?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Kwa mbwa methali hiyo haifungi mlango. Mzee hujifunza, ila epuka kumkalisha na kumsimamisha mara nyingi kwa sababu ya viungo. Mpe kazi za pua: ficha vipande vya samaki chini ya vifuu sita, kimoja kimoja ndani ya ua, akatafute.

Timu ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika, wetu anakimbia au anang'ata. Tufanyeje?
*Familia, Nachingwea*

Anzeni wiki mbili kabla. Anayemhudumia kila siku ndiye afanye, watoto wasiwepo. Mbwa akiwa amesimama guniani, gusa bega lake, lipa. Kamata ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, achia, lipa. Siku ya nne ibane ngozi hiyo sekunde mbili. Siku ya sita gusisha kalamu iliyofunikwa mahali palepale, kwanza kwa wepesi, kisha kwa kubonyeza. Siku ya kumi aje mtu mwingine, asimame pembeni tu. Kesho yake yeye ndiye ashike kalamu huku wewe ukilipa. Zoezeni pia kamba mdomoni: kitanzi cha kitambaa laini, kimvike sekunde moja, kitoe, lipa, hadi avumilie nusu dakika. Siku yenyewe fikeni mapema, kabla foleni ya mbwa haijawa ndefu, msimame mbali na wengine. Chanjo huanza miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka.

Lakini tofautisheni woga wa sindano na mabadiliko ya ghafla. Mbwa aliyekuwa akisikia amri akaanza kung'ata vitu bila sababu, kushindwa kumeza, kutoa mate mengi, kubadilika sauti au kuyumba, msimfundishe wala kumsogelea. Fungeni mlango wa ua naye akiwa ndani, ninyi mkiwa nje, na mwiteni ofisa mifugo. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.